Mume wangu ameweka randa chini, anasubiri unyakuo

Shangazi, shikamoo.

Naandika kutoka Wete, Pemba. Mume wangu ni fundi seremala. Tuna watoto wawili, msichana yuko Kidato cha Nne, mdogo wake wa kiume yuko darasa la tano. Sisi ni Wakristo. Babu yake mume wangu alikuja zamani kutoka bara kuchuma karafuu, hakurudi. Majirani zetu karibu wote ni Waislamu na tunaishi nao vizuri, sahani zinakwenda na kurudi Idi na Krismasi.

Tatizo lilianzia kwenye simu. Mume wangu aliunganishwa kwenye kundi la WhatsApp la mtumishi mmoja ambaye mie hata sijui anaishi nchi gani. Kila usiku saa nne anatuma sauti, nyingine zinafika saa nzima. Mume wangu anakaa uani na daftari, anasikiliza, anaandika namba. Mwanzo nikaona heri, kuliko kukaa vijiweni. Sasa daftari limejaa na nyumba inapungua kitu kimoja kimoja.

Hesabu zenyewe, kama nilivyozielewa, ni hivi. Yesu alisema mtini ukichipua mjue wakati u karibu, na kizazi hiki hakitapita. Mtini ni Israeli, iliyozaliwa 1948. Kizazi ni miaka 80, kwa sababu Zaburi ya 90 inasema miaka yetu ni sabini, na tukiwa na nguvu ni themanini. 1948 ukijumlisha 80 unapata 2028. Dunia inafungwa mwaka huo, na unyakuo wa watakatifu, yaani kuchukuliwa kwao juu mawinguni, unatangulia. Mtumishi anasema hauvuki Pasaka ijayo.

Basi mume wangu ameacha kazi. Si kwamba kazi hakuna. Mzee mmoja wa Limbani alileta arubuni ya laki mbili kwa mlango wa mfenesi, wa nyumba ya binti yake anayeolewa. Mlango uko bandani, umerandwa upande mmoja tu, na randa imeanza kushika kutu. Mzee akija kuuliza, anahubiriwa. Juzi akamwambia kwa utani, "Fundi, kiyama kikisimama, laki mbili zangu nikudai kwenye foleni ipi?" Watu wakacheka. Mie nikaingia ndani.

Kuna na shamba. Ni eka tatu alizopewa babu yake baada ya Mapinduzi, zina mikarafuu mikongwe. Mwaka jana tulichukua miche 40 tuzibe mapengo. Mpaka leo iko kwenye viriba chini ya mti, hajaipanda, namwagilia mie. Sasa anatafuta mtu wa kumuuzia shamba lote ili pesa ampelekee mtumishi "ujumbe ufike kabla mlango haujafungwa". Tangu mwezi wa saba anatuma shilingi elfu ishirini kila Ijumaa. Pesa ya tuisheni ya mtoto hajatoa. Anasema cheti atampelekea nani?

La mwisho ndilo lililonishikisha kalamu. Mama yake anaishi nasi, ana presha. Vidonge vilikwisha wiki iliyopita na mume wangu hakwenda kuchukua vingine. Akasema mwili mpya hauna presha. Nilikwenda mwenyewe.

Nikimpinga ananiambia mie ni katika wale wanawali watano wapumbavu. Mchungaji wetu alijaribu kuzungumza naye, akaambiwa amelala. Si mtu mbaya, Shangazi. Halewi, hajawahi kuninyanyulia mkono. Mwezi wa tano kaka yake alifariki Tanga. Siku ile boti haikuondoka kwa upepo, akafika kaburi limeshafukiwa, na tangu hapo amekuwa mkimya. Lakini hiyo ni habari nyingine.

Nifanyeje? Na je, ni kweli vitabu vinasema hivyo?

Mama Wawili, Wete

*

Marahaba, mwanangu.

Kabla ya yote, vidonge vya mama mkwe wako. Hilo usilijadili na mume wako. Vidonge vikae kwako, kadi ya hospitali ikae kwako, na siku ya kliniki aijue na binti yako. Mambo haya yanapofikia tumeshayaona humu humu Afrika Mashariki. Kanungu, Uganda, Machi 2000: mamia ya watu waliokwishauza mali zao wakingojea mwisho wa dunia waliteketea ndani ya jengo lao la ibada. Shakahola, kaunti ya Kilifi, pwani hii hii yetu, 2023: ilifukuliwa zaidi ya miili 400, ya watu walioambiwa wafunge chakula hadi wakutane na Yesu, na watoto walikuwemo. Sisemi mume wako anaelekea huko. Nasema siku atakapotamka kwamba mtoto asile au mgonjwa asitibiwe, hapo si ugomvi wa mke na mume tena. Nenda kwa sheha siku hiyo hiyo, na kwa habari ya watoto piga 116.

Sasa tuzungumze. Mie ni Mwislamu, nimesomesha historia skuli za Unguja mpaka nikastaafu, na sikusudii kukufundisha dini yako. Siku ya Mwisho na mie naiamini, kwa hiyo mume wako sitamcheka. Lakini njia anayopita imekanyagwa na wengi kabla yake, na baadhi yao wameacha maandishi.

Nianze na daftari lake. Katika Biblia kizazi mara nyingi huhesabiwa miaka 40, na 1948 ukijumlisha 40 unapata 1988. Hesabu hiyo haikuachwa ilale. Mmarekani Edgar Whisenant, aliyewahi kuwa mhandisi wa NASA, alichapisha kijitabu chenye sababu 88 za kwamba unyakuo ungekuwa Septemba 1988, kwenye Rosh Hashanah, mwaka mpya wa Kiyahudi. Nakala zilikwenda kwa mamilioni. Septemba ikapita, akasema alikosea mwaka mmoja, ni 1989. Walioishika ile sabini ya Zaburi wao walipata 2018. Sasa ni zamu ya themanini. Muulize mume wako, kwa upole tafadhali: 2028 ikipita, Zaburi imebakisha namba gani?

Tena, wengi wanaofundisha unyakuo wanasema unatangulia dhiki kuu ya miaka saba. 2028 ukitoa saba ni 2021. Mwaka huo yeye alikuwa bandani anaranda mbao, na wewe ulikuwa jikoni. Ile miaka saba mtumishi kaiweka wapi? Mwalimu wa hesabu angemrudishia daftari.

Hata unyakuo wenyewe, kwa sura hiyo ya watakatifu kuondolewa kwanza kisha dhiki ije nyuma, ulipangwa hivyo na John Nelson Darby, aliyekuwa kasisi huko Ireland, katika miaka ya 1830. Ukasambazwa sana na Biblia yenye maelezo ya Scofield iliyotoka 1909. Wakristo wa Mkunazini, Waanglikana, na wa Minara Miwili, Wakatoliki, katika kanuni yao ya imani, wanakiri kwamba Kristo atakuja tena kwa utukufu kuwahukumu wazima na wafu. Hawataji mwezi. Nao wamelala? Na katika Marko 13:32 Yesu anasema siku ile na saa ile hakuna aijuaye, hata malaika, wala Mwana, ila Baba. Kwetu ni vivyo hivyo, Sura ya Al-A'raf inasema elimu ya Saa iko kwa Mola peke yake. Mtumishi wa WhatsApp kaipata wapi sijui.

Walioumia zaidi kwa hesabu hizi ni Wayahudi, na kwao ndiko habari yenyewe ilikoanzia. Hekalu lao la Yerusalemu lilibomolewa na Warumi mwaka 70. Mwaka 132 akainuka shujaa, Bar Kokhba, na rabi, yaani mwalimu wa dini yao, mkubwa kuliko wote wa zama zile, Akiva, akamwona kuwa ndiye Masihi. Rabi mwenziwe akamwambia, "Akiva, majani yataota mashavuni mwako na mwana wa Daudi bado hajaja." Vita ikaisha 135 kwa maangamizi makubwa. Ndiyo maana ndani ya Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, kuna laana kali kwa wapiga hesabu wa siku ya mwisho, kwamba mifupa yao ivunde, na sababu imetajwa: tarehe ikifika na Masihi asije, watu watasema hatakuja tena. Yaani walimlaani mpiga hesabu kwa kuwa anaua imani. Hilo mume wako alisikie kutoka kwao, si kwangu.

Laana haikuzuia. Mwaka 1665 kijana mmoja huko Gaza, Nathan, alimtangaza Sabbatai Zevi, mtu wa Smyrna, Izmir ya leo, kuwa ndiye Masihi. Habari ikakimbia bandari kwa bandari mpaka Hamburg, Ujerumani. Kule alikuwepo mwanamke Myahudi mfanyabiashara, Glückel, aliyewaandikia watoto wake kumbukumbu za maisha yake. Anaeleza kwamba mkwewe, mzee wa mji wa Hameln, aliacha nyumba na vyombo vyake akahamia mji mwingine, kisha akawaletea Hamburg mapipa mawili makubwa. Ndani mlikuwa na nguo za kitani, njegere, maharage, nyama kavu, matunda makavu, kila chakula kisichooza upesi. Mzee alikuwa tayari wakati wowote kupanda jahazi kwenda Nchi Takatifu.

Mapipa yakakaa nyumbani kwa Glückel. Mwezi baada ya mwezi watu wanayapita, watoto wanayazunguka. Zaidi ya mwaka ukapita, ikabidi wazee waandike barua: fungueni, toeni chakula, kisije kikavunda kikaharibu nguo. Nguo zenyewe zikaendelea kungoja, hata ikafika miaka mitatu. Na Sabbatai Zevi? Septemba 1666 alipelekwa mbele ya Sultani Mehmed wa Nne, mjini Edirne, akachaguzwa kufa au kusilimu, akavaa kilemba. (Mie Mwislamu sioni fahari ya mtu kusilimu upanga uko shingoni.) Glückel hamcheki mkwewe. Anaifananisha hali yao na mwanamke aliyeshikwa na uchungu, nyumba nzima imekaa tayari, kisha kinachotoka ni upepo.

Huko Marekani mkulima William Miller alichukua siku 2,300 za Danieli sura ya 8 akazigeuza miaka, na wafuasi wake wakaishia kwenye tarehe 22 Oktoba 1844. Wako walioacha mazao shambani bila kuvuna. Walikesha, kukapambazuka, wakalia. Kutoka kwa waliobaki walitokea Wasabato, ambao mpaka leo wanamngojea Yesu kwa bidii lakini tarehe hawataji. Waliumwa na nyoka.

Nirudi kwenye barua yako. Umeandika mistari miwili juu ya kaka yake, kisha ukasema hiyo ni habari nyingine. Mwanangu, mie naona ndiyo habari yenyewe. Kaka kafa mwezi wa tano, sadaka za Ijumaa zimeanza mwezi wa saba. Mtu aliyefika kaburi limeshafukiwa, hakumwona nduguye uso, hakutupa hata gao la udongo, halafu usiku saa nne sauti inamwambia: utamwona kabla ya Pasaka. Wewe ungeizima simu?

Biblia unayo. Fungua Wathesalonike wa Kwanza, sura ya 4. Mstari wa 17 ndio huo wa kunyakuliwa katika mawingu, mume wako bila shaka anaujua kwa moyo. Panda juu mpaka wa 13. Paulo anaanza kwa kusema hataki wahuzunike kama wengine wasio na matumaini, kwa habari ya waliolala mauti. Wale watu wa Thesalonike walikuwa wamefiwa, na hofu yao ilikuwa kwamba marehemu wao watakosa kuwepo siku ile. Barua ile ilikuwa ya tanzia kabla haijawa ya hesabu. Panda tena mpaka wa 11, mistari sita tu juu ya unyakuo: watulie, washughulike na mambo yao, wafanye kazi kwa mikono yao wenyewe. Inaelekea hawakusikia, maana katika barua ya pili anawaonya wasifadhaishwe na maneno kwamba siku ya Bwana imeshafika, na sura ya 3 anatoa amri kavu: "ikiwa mtu hataki kufanya kazi, basi, asile chakula." Aliyesema hivyo alikuwa mshona mahema, akila kwa jasho lake huku akimtazamia Bwana wake kila siku. Fundi kwa fundi, wataelewana.

Msomee ile sura ya 4 ya barua ya kwanza, na usianze na mstari wa 11. Anza na wa 13. Mwache azungumze juu ya kaka yake, hata kama usiku mzima utakwisha. Kama mnaweza kupata nauli, afadhali hizo elfu ishirini za Ijumaa mbili tatu zikampeleke Tanga akakae kaburini na wifi yako na watoto wa marehemu. Mchungaji akirudi, mwombe asimjibu hesabu kwa hesabu. Afanye ibada ya kumkumbuka marehemu hapo nyumbani, mbele ya mama aliyempoteza mwanawe. Naye mama, katika barua yako yote, hakuna aliyemuuliza ana huzuni gani.

Umeuliza kama kweli vitabu vinasema hivyo. Vinasema kwamba kuna mwisho, kuna ufufuo na kuna hukumu. Lakini tazama viliandikwa wakati gani. Wataalamu wengi wanaziweka njozi za Danieli kwenye dhuluma ya mfalme Antiochus wa Nne, aliyelinajisi Hekalu mwaka 167 kabla ya Kristo na kuwaua walioshika sheria yao. Ufunuo uliandikwa na Yohana akiwa kisiwani Patmo, chini ya Warumi, na ile 666 wengi wanaona ni jina la Kaisari Nero likihesabiwa kwa herufi za Kiebrania. Wasomaji wake walikuwa watu walioonewa, wakiambiwa kwamba anayewakanyaga hatadumu.

Safari yenu ijayo ya Unguja, mpeleke Mkunazini na Biblia yake. Kanisa lile lilianza kujengwa 1873, mwaka ule ule soko la watumwa lilipofungwa, na limesimama pale pale palipokuwa soko. Asimame hapo asome Ufunuo sura ya 18, wafanyabiashara wanaoulilia Babeli kwa kuwa hakuna tena anayenunua shehena yao. Inatajwa dhahabu, vyombo vya pembe, mdalasini na viungo, ngano, farasi, na mwisho wa orodha, baada ya mifugo na magari, miili na roho za wanadamu. Pembe, viungo, watu. Nilipousoma mara ya kwanza, nikiwa mwalimu kijana, nilidhani mtu wa Zanzibar kauandika. Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini watu walioachiwa huru walikipenda kitabu hiki kinachotisha wengine. Kwao dunia ile kufika mwisho ilikuwa habari njema, na ilipofika mwisho walijifunza ufundi, walilima, walijenga. Sasa huyo anayemwambia mwanamme auze ardhi aliyopewa babu yake, pesa zije kwake kwa simu, amesimama upande gani wa soko lile? Na pesa za dunia inayofungwa anazitakia nini?

Yuko rabi mmoja, Yohanan ben Zakkai, aliyeishi wakati Yerusalemu inaanguka. Imepokewa kwake kwamba ukiwa na mche mkononi ukaambiwa Masihi amefika, panda mche kwanza kisha nenda ukampokee. Nasi tuna Hadithi ya Mtume, rehma na amani zimshukie, kutoka kwa Anas: Kiyama kikisimama na mmoja wenu ana mche mkononi, kama anaweza kuupanda, aupande. Nyie mna 40. Wapemba mnajua pia kilichotokea 1872, tufani ilipoangusha mikarafuu mingi ya Unguja na Pemba ikasalimika. Nadhani wapo waliodhani ndiyo siku yenyewe. Unguja walipanda upya, ila kwenye karafuu hawakuwashika tena mpaka leo.

Kuhusu shamba, usingoje. Eka tatu zilizogawiwa na Serikali haziuzwi kienyeji kama pishi ya karafuu. Kamisheni ya Ardhi ina lake la kusema. Nenda kwa sheha kabla mnunuzi hajaenda, mweleze kwamba wewe na watoto hamjaridhia, na ndugu wa mume wako wajue, maana ni mali ya babu yao pia. Kama mambo yatakaza, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar husaidia wasio na uwezo wa kuweka wakili. Fanya haya bila kumficha. Mwambie, "Nimekwenda kwa sheha." Atakasirika, lakini hasira yake utaishi nayo, shamba likiondoka halirudi.

Tuisheni ya binti ichukue kwenye karafuu za msimu huu kabla hazijageuka sadaka. Kama una ndugu au mama wa kikundi anayeweza kukopesha, kopa. Mtihani wa Novemba tarehe yake tunaijua.

Usimnyang'anye simu. Mwombe jambo moja tu, tena mbele ya mchungaji na mama yake: kwa kuwa ana hakika, asiuze wala asigawe kitu mpaka siku ya pili ya Pasaka. Kama mtumishi amesema kweli, shamba halitamzuia kupaa. Akikataa hata hilo, mwambie aandike kwenye daftari lile lile, kwa mkono wake, atakula nini na atamlipa nini mzee wa Limbani siku hiyo ya pili.

Na huyo mzee msimwache akisimangwa na mahubiri. Ametoa laki mbili, ana binti anayeolewa. Mtume mwanao wa darasa la tano bandani jioni, amwambie baba yake kwamba anataka kujifunza kushika randa. Mlango upo. Mbao ikikaa imerandwa upande mmoja, mvua za vuli zikaingia, itapinda, na hilo yeye analijua kuliko mie na wewe.